Harage kwenye Bomba la Hewa: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto Aliyekohoa Zaidi ya Wiki Mbili

Kisa hiki ni cha mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi kadhaa, kutoka kijiji kimoja cha migombani juu ya mji wa Moshi. Majina, kijiji, mwaka na vituo alivyotibiwa vimeondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa. Nimekiandika kwa ajili ya wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, wanafunzi wa utabibu, na yeyote anayelea mtoto ambaye magego yake hayajakamilika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kikohozi kilichoanza ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima, akiwa na kitu mdomoni, kichukuliwe kuwa ni kitu kilichoingia njia ya hewa mpaka ithibitike vinginevyo. Hata kama mtoto ametulia na anacheza.

Usuli

Mama wa mtoto anafanya kazi mjini, anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Mchana mtoto hukaa na bibi yake mzaa mama, pamoja na kaka yake anayesoma darasa la pili. Ilikuwa Julai, maharage yamevunwa na kuanikwa uani juu ya turubai, yakisubiri kupigwa fimbo na kupepetwa. Nyumba nyingi za upande huu wa mlima zinaonekana hivyo msimu huo, na watoto huchezea pembeni mwa turubai siku nzima.

Kadi ya kliniki ilionyesha mtoto aliyekua vizuri. Alizaliwa kwa miezi yake, chanjo zote amepata, hajawahi kulazwa. Hakuwahi kuwa na mluzi kifuani, na katika ukoo hakuna mwenye pumu. Meno ya mbele yalikuwa yamejaa na magego ya kwanza yapo, lakini ya nyuma ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza. Hili la magego lina uzito. Mtoto wa umri huu anaweza kung'ata kitu kigumu kwa meno ya mbele, ila hana cha kukisagia. Kipande kinabaki kizima juu ya ulimi, na akicheka au akilia anavuta hewa kwa nguvu huku kipo palepale.

Bomba lenyewe lilivyo

Bila kulielewa bomba la hewa, kisa hiki kinaonekana kama mkosi tu. Ukilielewa, kila kilichotokea kina sababu.

Trakea, yaani bomba kuu la hewa, inaanzia chini ya kisanduku cha sauti na kushuka kifuani. Kwa mtu mzima ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na upana wa karibu sentimita 2. Kuta zake zimeshikiliwa na pete za gegedu, kati ya 16 na 20, kila moja ikiwa na umbo la herufi C. Uwazi wa pete unatazama nyuma, na hapo pana utando laini wenye msuli. Nyuma ya utando huo umepita umio, njia ya chakula. Gegedu linaizuia trakea isinywee tunapovuta hewa, na ule ulaini wa nyuma unaupa umio nafasi ya kutanuka tonge linapopita. Msuli huo pia hukaza tunapokohoa, bomba likawa jembamba na hewa ikatoka kwa kasi zaidi.

Juu ya trakea kuna kidakatonge, kinachoinamia mlango wa hewa tunapomeza, na nyuzi za sauti, ambazo nazo hufunga. Chini kidogo ya nyuzi hizo kuna gegedu pekee katika njia nzima lililo pete kamili. Pete kamili haitanuki. Uvimbe ukitokea hapo hauna pa kwenda isipokuwa ndani.

Ndani ya trakea kuna ngozi laini yenye ute na vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo hupiga muda wote kuelekea juu, vikisukuma ute uliobeba vumbi na vijidudu hadi kooni, tukaumeza bila hata kujua. Vumbi vinaliweza. Harage haviliwezi.

Kwenye usawa wa kifua cha juu trakea inagawanyika. Kwenye njia panda hiyo kuna ukingo mwembamba wenye hisia kali mno, na kitu kikiugusa mtu hukohoa hadi machozi yamtoke. Kutoka hapo tawi la kulia ni pana zaidi, ni fupi (kama sentimita 2.5 kwa mtu mzima, la kushoto likiwa karibu 5), na limesimama wima kuliko lenzake. Ndiyo maana vitu vinavyoanguka huelekea kulia mara nyingi zaidi. Kwa watoto wadogo tofauti ya pembe kati ya matawi haya ni ndogo, kwa hiyo kushoto nako si ajabu, na tabibu asisikilize upande mmoja tu.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Siku ya tukio ilikuwa Jumamosi alasiri. Bibi alikuwa jikoni. Watoto walikuwa kwenye turubai, mdogo amejaza maharage makavu mdomoni, kaka yake anamchekesha kwa kumkimbiza kuku. Ghafla mdogo akaanza kukohoa mfululizo, uso ukawiva, midomo ikabadilika rangi. Bibi alitoka mbio, akampigapiga mgongoni, na jirani aliyesikia kelele akaingiza kidole mdomoni mwa mtoto kujaribu kutoa chochote kilichokuwemo. Maharage mawili yalianguka. Mtoto akalia, rangi ikarudi, akapewa maji. Baada ya muda kikohozi kilipungua, akaendelea kucheza. Watu wote wakaona yamekwisha, na mama aliporudi jioni hakuna aliyeona sababu ya kumpa taarifa.

Siku ya 3 mtoto alipata homa na kikohozi kikarudi. Bibi alimpeleka zahanati. Pumzi zilihesabiwa zikawa 44 kwa dakika. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, kuanzia 40 ni kupumua haraka, na mwongozo unaelekeza atibiwe kama mwenye nimonia. Alipewa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha. Homa ilishuka. Kwenye kadi paliandikwa: kikohozi na homa.

Siku ya 9 mama mwenyewe alimpeleka kituo cha afya, maana usiku mtoto alikuwa anatoa mluzi. Akaambiwa huenda ni pumu, akapewa dawa ya kutanua njia za hewa na ya kupunguza uvimbe. Mluzi ulipungua kidogo bila kuisha. Siku hizohizo mzee mmoja wa ukoo alimshauri bibi wampeleke mtoto kwa fundi akatwe kimeo, kwa kuwa kikohozi kisichosikia dawa ni cha kimeo. Bibi alikuwa tayari. Mama alikataa katakata na wakakwaruzana.

Siku ya 16 homa ilipanda tena, safari hii kali, na mtoto akakataa kula. Walirudi kituo cha afya wote, kaka mtu akiwemo. Tabibu wa zamu siku hiyo alikuwa mwingine. Alipomaliza kusoma kadi hakuuliza kikohozi kina siku ngapi. Alisema, "Bibi, nieleze ile siku ya kwanza kabisa. Kabla hajakohoa, mtoto alikuwa anafanya nini?"

"Mwanangu, kilianza tu kama vikohozi vingine."

Yule wa darasa la pili akaingilia: "Bibi, si alipaliwa ile siku ya maharage?"

Bibi akanyamaza kidogo. "Alipaliwa kweli. Lakini yalitoka, alitulia."

Tabibu aliweka kalamu chini na kumpima mtoto upya, shati limevuliwa, akiwa amekaa mapajani kwa mama. Pumzi 52 kwa dakika. Oksijeni kwenye damu asilimia 91. Ukimtazama kutoka mbele, kifua cha kulia kilikuwa kinapanda kwa uvivu kuliko cha kushoto. Kwa kusikiliza, hewa upande wa kushoto iliingia na kutoka vizuri. Kulia ilikuwa hafifu, na mluzi ulikuwa huko tu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rufaa mchana huohuo, bila kungoja kuona kama dawa ya pumu itamsaidia. Pumu hubana njia ndogo za mapafu yote mawili. Mluzi wa upande mmoja, kwa mtoto asiye na historia ya pumu na aliyepaliwa, una maelezo mengine.

Wa pili ulikuwa wa kutofanya jambo. Jamaa mmoja pale kituoni alitaka mtoto ainamishwe kichwa chini apigwe mgongoni litoke. Tabibu alikataa. Wakati huo mtoto alikuwa anapumua kwa pafu moja zima na la pili kwa sehemu. Harage likiachia na kupanda, linaweza kukwama chini ya nyuzi za sauti, kwenye ile pete isiyotanuka, na hapo mapafu yote mawili yanakosa hewa kwa mpigo. Alisafirishwa akiwa amekaa wima mapajani kwa mama, na oksijeni, muuguzi pembeni akiwa na mfuko wa kupulizia hewa.

Hospitali ya rufaa walianza na picha ya kifua. Harage halikuonekana, na halikutarajiwa kuonekana. Mbegu, karanga na plastiki nyingi hupitisha mionzi kama nyama inavyopitisha. Kinachotafutwa kwenye picha ni alama za kuziba. Pafu la kulia lilikuwa jeusi zaidi, maana yake limejaa hewa iliyoshindwa kutoka, na chini yake palikuwa na sehemu iliyoanza kusinyaa. Mtoto wa miaka miwili huwezi kumwambia atoe pumzi zote ndipo upige picha, kwa hiyo mtaalamu wa mionzi alimlaza ubavu wa kulia na kupiga nyingine. Pafu la chini kwa kawaida hubanwa na uzito wa mwili na kupungua. Lake halikupungua.

Jambo hilo linahitaji maelezo. Tunapovuta hewa, matawi ya njia ya hewa hutanuka kidogo. Tunapoitoa, hunywea. Harage lisiloziba tawi lote huruhusu hewa kupita kando yake wakati wa kuvuta, kisha ukuta unalikumbatia na kuizuia wakati wa kutoa, kama vali ya tairi la baiskeli. Pafu linajaa bila kupumua. Harage likinyonya maji na kuvimba, hata hewa ya kuingia inakosa pa kupita, na sehemu iliyo mbele yake inasinyaa na kuoza usaha. Pafu la mtoto huyu lilikuwa na hali zote mbili kwa wakati mmoja.

Uamuzi mgumu ulikuwa wa muda. Mtoto alifika jioni akiwa amekunywa uji saa 8 mchana. Kumpa nusu kaputi tumbo likiwa na chakula ni kuhatarisha kitu kingine kuingia njia ileile. Kusubiri nako kuna gharama, maana mbegu inaendelea kuvimba. Kwa kuwa oksijeni kidogo ilitosha kumweka juu ya asilimia 95 na hakuwa anachoka kupumua, timu iliamua kuingia chumba cha upasuaji alfajiri, ikiwa kamili. Makubaliano yalikuwa kwamba hali ikibadilika usiku wataingia saa ileile, tumbo lijae lisijae. Nauona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Katika kazi hii mtoa usingizi na daktari wa koo wanagombea bomba moja lenye upana wa milimita chache. Anayeshika kifaa na anayelinda pumzi wanatakiwa wawe wamezungumza kabla, si wakati mtoto ameanza kuwa bluu.

Kutoa

Mtoto alilazwa kwa gesi ya usingizi huku akiachwa apumue mwenyewe, ili hewa ya kusukumwa isilizamishe harage zaidi. Daktari alipitisha bomba gumu la chuma lenye taa, kupitia mdomoni na katikati ya nyuzi za sauti. Ndani ya trakea pete zilionekana moja baada ya nyingine, na nyuma yake ule utando laini ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Tawi la kushoto lilikuwa safi. La kulia lilikuwa limewiva, lina usaha, na katikati ya uvimbe palionekana kitu cheupe chenye ukingo laini.

Koleo lilishika na kutoa. Ilikuwa nusu ya harage.

Hapa ndipo uzoefu ulipofanya kazi. Harage likilowa hubambuka ganda na kugawanyika vipande viwili, kwa hiyo nusu moja mkononi maana yake nusu nyingine bado iko ndani. Bomba lilirudi. Baada ya usaha kufyonzwa, nusu ya pili ilipatikana chini zaidi, kwenye tawi la sehemu ya chini ya pafu, pamoja na ganda lililojikunja. Waliingia mara ya tatu kuhakikisha tu, pande zote mbili.

Njia hii ya kutoa kitu kwa kupitia mdomoni, bila kupasua kifua, ina zaidi ya karne moja. Mwaka 1897 huko Freiburg, Ujerumani, daktari Gustav Killian alitoa mfupa wa nguruwe kwenye mapafu ya mkulima kwa bomba na koleo. Nao ulikuwa tawi la kulia.

Matokeo

Mtoto alipewa dawa ya kupunguza uvimbe wa koo na antibayotiki kwa ajili ya pafu lililokuwa na usaha. Usiku wa kwanza sauti ilikuwa ya kukwaruza na pumzi zilikuwa na kelele kidogo. Ndiyo sababu watoto hawa hawarudishwi nyumbani siku ileile. Njia yenye upana wa milimita 4 ikivimba milimita 1 kuzunguka, inabaki milimita 2, nafasi ya kupita inakuwa robo, na kazi ya kuvuta hewa inapanda hadi mara 16. Kesho yake kelele ziliisha. Siku ya tatu aliruhusiwa. Aliporudi kliniki mwezi uliofuata hewa iliingia sawa pande zote na picha ilikuwa safi.

Uchambuzi

Kilichowapoteza watu wengi hapa ni ule utulivu wa siku ya kwanza. Harage liligusa njia panda, mtoto akakohoa hadi kubadilika rangi, kisha likateremka kwenye tawi la kulia na kukaa. Sehemu ile yenye hisia kali haiguswi tena, na ngozi ya tawi huzoea. Kikohozi kinakoma kwa sababu kitu kimeshuka, na mzazi anaelewa kwamba kimetoka. Bibi hakudanganya wala hakuzembea. Aliyoyaona yalionekana kama kupona. Na maji aliyompa yalipita umio, bomba lingine kabisa. Hayakuweza kushusha chochote kilichokuwa upande wa mbele.

Zahanati nao walifuata mwongozo, na dawa ilifanya kazi kwa kiasi chake. Hapo pana mtego, kwa sababu nafuu ya antibayotiki ilionekana kuthibitisha nimonia, na nafuu ya dawa ya pumu ikaonekana kuthibitisha pumu. Zote mbili zilikuwa zinatibu uvimbe na vijidudu vilivyolizunguka harage. Nimonia inayorudi upande uleule baada ya dose kamili ni swali jipya. Inahitaji mtoto avuliwe shati na asikilizwe kulia na kushoto kwa kulinganisha.

Kuhusu kimeo nasema kwa uzito wote. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Hakimo ndani ya njia ya mapafu, hakigusi trakea, na kukikata hakuondoi kikohozi cha aina yoyote. Kinachotokea ni kidonda mahali ambapo damu inateremka moja kwa moja kwenye mlango wa hewa, kwa kisu ambacho hujui kimetoka kwa nani. Kwa mtoto ambaye pafu moja tayari limezibwa, damu hiyo ingeingia kwenye pafu zima. Mama alipokataa, alimwokoa mwanawe kabla hospitali haijafanya lolote, na alikataa mbele ya mama yake mzazi na wazee. Wahudumu wa kliniki ya watoto tunapaswa kuwapa akina mama maneno ya kukataa nayo, kwa sababu kule nyumbani wanakuwa peke yao.

Huduma ya kwanza inahitaji kurekebishwa pia. Kidole cha jirani kilitoa maharage mawili, lakini kidole kisichoona kinaweza kusukuma la tatu ndani. Toa kile tu unachokiona. Mtoto anayekohoa kwa sauti na kulia ana hewa, mwache akohoe, mkalishe wima. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kuvuta pumzi ndiye wa kusaidiwa papo hapo: ainame mbele, apigwe mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Ikishindikana, aliyezidi mwaka 1 akandamizwe tumboni juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara 5, na mtoto mchanga wa chini ya mwaka 1 akandamizwe katikati ya kifua, kamwe si tumboni. Mizunguko hiyo ibadilishane hadi kitoke au mtoto alegee, na akilegea aanze kufufuliwa, yaani kukandamizwa kifua na kupuliziwa pumzi. Na aliyepaliwa hadi kubadilika rangi apelekwe akaonwe siku hiyohiyo, hata akiwa anacheka.

Kuzuia ni kugumu kuliko tunavyozungumza kliniki. Huwezi kumwambia bibi asivune maharage. Ila karanga, punje za mahindi na mbegu nzima zisitolewe kwa watoto chini ya miaka 5 isipokuwa zimesagwa, na turubai linapokuwa chini, mdogo akae upande wa pili wa uzio au mgongoni kwa mtu. Makande ya mtoto huyo sasa yanapondwa, mama yake aliniambia.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni barua ya rufaa. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema mtoto alipaliwa na maharage siku 16 zilizopita mbele ya kaka yake, hana historia ya pumu, hewa imepungua kulia na mluzi uko upande huo tu, na mara ya mwisho alikula saa 8. Daktari wa zamu aliisoma getini, akawaita mtu wa koo na mtu wa usingizi kabla hata mtoto hajapelekwa kupigwa picha. Kadi aliyokuja nayo bado ilikuwa imeandikwa: kikohozi na homa.